Wasio na Majina: Watu Walioifikisha Tiba ya Soriasisi Hapa Ilipo

Wadau, kuna ugonjwa mmoja wa ngozi ambao dawa zake nyingi hazikugunduliwa na mtu aliyekuwa anazitafuta. Ugonjwa wenyewe ni soriasisi. Mabaka mazito yanatokea viwikoni, magotini, mgongoni, mpaka kichwani ndani ya nywele, yana magamba ya rangi ya fedha, ukiyakwangua yanadondoka kama unga. Hauambukizi. Unaweza kulala kitanda kimoja na mwenye nao miaka arobaini, mkala sahani moja, na usiupate. Lakini nenda kamweleze hivyo abiria aliyekaa siti ya pembeni kwenye daladala uone kama hatahama.

Ukisoma historia ya matibabu yake utakuta majina ya madaktari yamejaa. Kuna tiba inaitwa Goeckerman, kuna nyingine inaitwa Ingram, kuna dawa ya maji iliitwa kwa jina la Fowler. Ila ukifuatilia kila dawa ilianzia wapi, mara nyingi mwanzoni kabisa unakutana na mgonjwa. Alikuwa anatibiwa kitu kingine tofauti, au alijipaka kitu kwa kukosea, ngozi ikasafika, daktari akashangaa na kuandika. Jina la daktari likabaki. Jina la mgonjwa halipo popote. Stori ya leo ni ya hao.

Turudi nyuma sana kwanza. Ulaya ya zamani haikutenganisha soriasisi na ukoma. Mtu akionekana na mabaka na magamba aliweza kuhesabiwa mkoma, na mkoma alitolewa mjini, akatembea na kengele au kipande cha mbao cha kugonga ili watu wamkwepe. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 daktari mmoja wa London aliuelezea ugonjwa huu vizuri kabisa, ila bado alitumia neno la ukoma kwenye jina la aina mojawapo. Ikabidi kusubiri mpaka 1841, daktari wa Vienna aliposema wazi kwamba hivi ni vitu viwili tofauti. Sasa fikiria: miaka na miaka watu walifukuzwa majumbani kwao kwa ugonjwa ambao hata hauambukizi. Walikuwa wangapi? Hakuna aliyewahesabu. Na hilo la kuhesabu lishike, maana ndilo litakaloibeba stori yote.

Wakati huo dawa iliyotamba ilikuwa arseniki. Ndiyo, sumu yenyewe. Mwaka 1786 Fowler, daktari wa Uingereza, alitangaza maji yake yenye arseniki kwa ajili ya homa, na baadaye madaktari wakaanza kuwanywesha wagonjwa wa ngozi pia. Matone machache kila siku, miezi, miaka. Kuna waliopata nafuu, usidhani ilikuwa utapeli mtupu. Tatizo lilikuja taratibu. Viganja na nyayo zilianza kuota vinundu vigumu kama sugu, na baadhi ya vile vinundu vikageuka kansa. Daktari wa London aliyeunganisha hayo mawili, yaani arseniki na kansa ya ngozi kwa watu wa soriasisi, alifanya hivyo miaka ya 1880. Piga hesabu mwenyewe toka 1786. Karne nzima watu wanakunywa.

Kwa nini ilichukua muda wote huo? Haikuwa kwamba madaktari wa zamani walikuwa wajinga. Kila mmoja alikuwa anamuona mgonjwa wake tu. Akipona anafurahi, asiporudi anadhani kapona. Mtu aliyeota kansa miaka 20 baadaye aliishia kwa daktari mwingine, mji mwingine, na hakuna aliyekuwa na daftari la kuwaweka wote pamoja.

Haya, sasa tukutane na mgonjwa wa kwanza wa stori yetu. London, 1876. Huyu jamaa alikuwa na soriasisi, lakini yeye alidhani ana choa. Kulikuwa na unga uliosifika kwa choa, unaitwa unga wa Goa, kwa sababu ulikuwa unapita kwenye koloni la Wareno kule Goa, India. (Wazee wa Dar na Zanzibar wanawajua Wagoa vizuri, ila huo unga kumbe hata haukuwa wa kwao. Ulitoka kwenye mti wa Brazil, Wareno ndio waliousafirisha.) Jamaa akajipaka. Choa hakuwa nacho, lakini mabaka yake ya soriasisi yakaanza kupotea. Daktari wake alivyoona akaufuatilia ule unga, akaandika, na ndani ya miaka michache madaktari wengi wa ngozi walikuwa wanautumia.

Kwa hiyo dawa bora ya kupaka ya karne ile ilipatikana kwa sababu mtu alijipima mwenyewe na akakosea ugonjwa. Ikafika Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani haipati tena mzigo wa Brazil, wanakemia wa Bayer wakatengeneza inayofanana nayo kiwandani mwaka 1916. Hiyo inaitwa ditranoli, na imeendelea kutumika mpaka zama hizi. Inafanya kazi kweli, ila inachafua shuka, nguo, sinki, na ngozi nzima iliyo pembeni inaungua usipokuwa makini. Waliowahi kuitumia wanajua.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya lami na mwanga. Mwaka 1925 Goeckerman, wa Mayo Clinic kule Marekani, aliwapaka watu lami ya makaa ya mawe halafu akawamulika na mionzi ya taa. Mwaka 1953 Ingram, wa Leeds, Uingereza, akaongeza ditranoli juu yake. Wagonjwa walilazwa wiki kadhaa wakinuka lami. Walipona kwa muda, wakarudi kazini, halafu mabaka nayo yakarudi.

Hapo katikati, mwaka 1951, ndipo lilitokea jambo kubwa. Miaka mitatu nyuma yake, huko Boston, dawa inayoitwa aminopterini ilikuwa imetumika kwa watoto wenye kansa ya damu. Kazi yake ni kuzuia chembe za mwili zisizaliane haraka. Daktari mwingine wa Marekani akaijaribu kwa watu wenye baridi yabisi, ile inayokunja vidole na kuvimbisha viungo. Kati ya wagonjwa wale alikuwepo mwenye soriasisi. Viungo ndivyo vilivyokuwa vinaangaliwa, lakini ngozi nayo ikawa inasafika.

Kimantiki inaeleweka ukishaambiwa. Ngozi ya kawaida inachukua kama mwezi mmoja chembe kutoka chini mpaka juu. Kwenye soriasisi safari hiyo inachukua siku chache tu, zinarundikana, ndiyo hayo magamba. Dawa ya kupunguza kuzaliana kwa chembe lazima iguse hapo. Ila hakuna aliyewaza hivyo kabla. Ni mwili wa mtu mwenye vidole vilivyokakamaa ndio uliosema.

Aminopterini ilikuwa kali, ikaachwa, akaja ndugu yake aliye mpole kidogo: methotrexate. Mwaka 1958 ripoti za kuitumia kwa soriasisi zilishaanza, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani wakairuhusu rasmi. Hii ni dawa ambayo mpaka sasa inatumika dunia nzima, kwa sababu ni ya bei ya chini na inafanya kazi. Lakini ina masharti. Inaweza kuumiza ini na uboho, mjamzito haruhusiwi kabisa kuigusa, na kwa soriasisi inatumiwa siku MOJA kwa wiki. Sio kila siku. Kuna watu wamekufa kwa sababu tu kikaratasi cha duka la dawa hakikuandikwa vizuri au kilisomwa vibaya, wakameza kila siku. Mdau mwenye ndugu anayeitumia, hilo lisikupite.

Mwaka 1975 Marekani waliruhusu dawa nyingine ya kumeza ya soriasisi, inaitwa azaribini. Mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni, ilikuwa inagandisha damu ya watu kwenye mishipa. Iliondoka haraka mno kiasi kwamba leo hata madaktari wengi wa ngozi hawajawahi kuisikia. Waliogandiwa damu, bila shaka, hawakusahau.

Sasa tunafika kwenye sehemu inayostahili kukaa nayo zaidi, na inaanzia pembeni ya mto Nile.

Kuna mmea unaota Misri, una maua meupe madogo madogo. Waganga wa kule walikuwa wakiwapa watu wenye mbalanga, wale ambao ngozi inapoteza rangi, unga wa mbegu zake na kuwaambia wakae juani. Ni elimu ya zamani sana, ipo kwenye vitabu vya tiba vya Waarabu vya karne ya 13. Miaka ya 1940, Wamisri wa Cairo walichambua ule mmea, wakatoa dawa iliyomo ndani, na kuijaribu kitaalamu kwa wenye mbalanga. Dawa hiyo inaifanya ngozi iwe na njaa ya mwanga: ukishaimeza, mwanga kidogo unafanya kazi kubwa.

Mwaka 1974 madaktari wa Boston waliichukua dawa hiyohiyo, wakaitumia kwa soriasisi, na badala ya jua wakatumia kibanda chenye taa ndefu za mionzi aina ya A. Unameza kidonge, unasubiri kama saa mbili, unaingia kibandani umevua nguo, unavaa miwani ya giza siku nzima ili macho yasiungue. Tiba ikaitwa PUVA. Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Watu waliokuwa na mabaka mwili mzima, ambao walishazoea kulazwa na lami, walisafika ndani ya wiki kadhaa huku wanalala nyumbani kwao. Magazeti yakapiga kelele. Kwa mtu ambaye miaka kumi hajavaa shati la mikono mifupi, hebu fikiria.

Hapo ndipo wakafanya kitu ambacho zama za arseniki hawakukifanya. Mwaka 1975 na 1976, kwenye vituo 16 vya Marekani, waliandikisha watu 1,380 waliokuwa wanaanza tiba hiyo, na wakaamua kuwafuatilia. Sio wiki 12. Miaka. Kila baada ya muda wanaitwa, wanapekuliwa ngozi, wanaulizwa maswali, waliohama wanatafutwa, waliokufa inaulizwa wamekufa kwa nini.

Ndani ya miaka michache tu, 1979, daftari likaanza kusema. Kansa za ngozi za aina zisizo kali sana zilikuwa zinatokea kuliko ilivyotarajiwa, hasa kwa wale waliowahi kupigwa mionzi mingine au kupata kansa ya ngozi zamani. Mwaka 1990 likaja jingine: wanaume waliokuwa wanaingia kibandani uchi walikuwa wanapata kansa sehemu za siri kuliko kawaida. Kumbe kwa miaka yote hiyo hakuna aliyefikiria kuwapa wote kitu cha kujifunika. Baada ya hapo kufunika kukawa sharti. Ni kakipande ka nguo tu, lakini kalipatikana kwa miili ya watu.

Na bado. Ile kansa ya ngozi mbaya zaidi, melanoma, ilikuwa haijajitokeza kupita kiasi. Toka 1975 mpaka 1990 zilipatikana nne tu kwenye kundi lote, karibu na idadi ambayo ingetegemewa hata bila tiba. Mtu angeweza kufunga daftari hapo na kutangaza kuwa upande huo ni salama. Hawakufunga. Kati ya 1991 na 1996 zikapatikana saba. Taarifa ikatoka 1997: hatari ilianza kuonekana kama miaka 15 baada ya kuanza tiba, na zaidi kwa wale walioingia kibandani mara 250 au zaidi.

Hebu waza kuwa mmoja wa hao 1,380. Umepona soriasisi mwaka 1976, umeoa, una watoto, na kila mara kuna mtu anapiga simu toka hospitali anakuuliza habari za ngozi yako. Wengine walikuwa wanapokea simu hizo miaka 20 baadaye. Wangeweza kusema "niacheni", wala kisheria hakuna wa kuwalazimisha. Wengi waliendelea kuja. Kwa sababu yao, madaktari waliofuata walijua waweke kikomo cha mara ngapi mtu aingie kibandani, na wengi wakahamia kwenye aina nyingine ya mwanga ambayo haihitaji kumeza kidonge. Hakuna tiba iliyoitwa kwa jina la yeyote kati yao.

Mwaka 1978, huku PUVA ikiwa moto, watafiti wawili wa Sweden walikuwa wanapima dawa nyingine na wakaona tatizo la msingi: unasemaje mgonjwa amepona kiasi gani? Daktari mmoja anasema "amepona sana", mwingine anasema "kidogo". Wakatunga kipimo, PASI. Unaugawa mwili sehemu nne, kichwa, mikono, kiwiliwili na miguu, halafu kila sehemu unaangalia mabaka yamechukua eneo gani, yana wekundu kiasi gani, yamenenepa kiasi gani, yana magamba kiasi gani. Inatoka namba toka 0 mpaka 72. Baadaye ikawa dawa yoyote mpya inaulizwa swali moja: wangapi wamepungua kwa asilimia 75 au zaidi?

Ni kipimo kizuri na kimesaidia sana. Lakini kuna neno pale limepita kimyakimya: wekundu. Kwenye ngozi nyeusi soriasisi mara nyingi haiwi nyekundu. Inakuwa ya zambarau, ya kijivu, ya kahawia iliyoiva, na ikiondoka inaacha doa jeusi au jeupe linalokaa miezi. Mtu mweusi angeweza kuwa na soriasisi kali na akapewa alama ndogo, au akapona kabisa na bado akajiona hajapona kwa sababu ya madoa. Na wengi mno wa waliohesabiwa kwenye tafiti zile walikuwa Wazungu. Ilifika 2022 ndipo Marekani ukaanza utafiti mkubwa wa sindano moja ya soriasisi uliolenga watu wenye ngozi za rangi tu, miaka 44 baada ya kipimo kutungwa.

Turudi kwa wale waliokosewa ugonjwa. Mwaka 1979, Basel, Uswisi. Kuna dawa imetoka kwenye kuvu aliyepatikana ndani ya udongo wa Norway, inaitwa siklosporini, na kazi yake ni kuutuliza mwili usiikatae figo ya kupandikizwa. Madaktari wakaijaribu kwa wenye magonjwa ya viungo. Wengine wao walikuwa na soriasisi pamoja na viungo. Ngozi zao zikasafika haraka sana. Walioandika walituma barua fupi tu kwenye jarida la madaktari.

Barua ile ilipindua kila kitu. Mpaka hapo karibu kila mtu alikuwa anaamini soriasisi ni tatizo la ngozi yenyewe, ngozi inayokimbia mbio. Sasa dawa inayogusa kinga ya mwili inaiondoa. Maana yake ngozi ilikuwa inatumwa, na anayeituma ni kinga. Kwa wagonjwa wachache wa viungo, mlango wa dawa zote za kisasa ukafunguka. Siklosporini yenyewe ikaonekana inaumiza figo na kupandisha presha, hivyo hutolewa kwa muda mfupi.

Huko Osaka, Japani, 1985, mzee mmoja alipewa aina ya vitamini D kwa ajili ya mifupa yake iliyokuwa inalegea. Mifupa tuiache. Soriasisi yake ikaondoka. Krimu za vitamini D zinazouzwa leo zinaanzia kwa mzee huyo. Na mwaka 2000 ikaandikwa habari ya mgonjwa wa matumbo aliyechomwa sindano mpya ya kuzuia kemikali moja ya kinga, TNF. Tumbo ndilo lilikuwa linatibiwa, ngozi ikafuata. Mpaka hapo mtu anaweza kuanza kucheka.

Tofauti ni kwamba sasa hawakuishia kushangaa. Mwaka 2001 ulitoka utafiti wa sindano hiyo kwa watu 33 wa soriasisi tu, wamegawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu ya watu 11 kila moja. Kundi moja lilichomwa kitu kisicho na dawa, na mgonjwa hajui, daktari anayempima naye hajui. Hiyo staili ilishapata umaarufu toka 1948, Waingereza walipoipima dawa ya kifua kikuu kwa kugawa watu kwa bahati nasibu. Matokeo ya hawa 33: waliopata dozi ndogo walifanikiwa 9 kati ya 11, dozi kubwa 10 kati ya 11, wasiopata dawa 2 kati ya 11. Waangalie hao wawili vizuri. Walipona bila dawa yoyote. Soriasisi ndivyo ilivyo, inakuja na kuondoka kwa matakwa yake, na ndiyo sababu kila mganga, kila mafuta ya nyoka na kila "dawa ya asili" ya mtandaoni ina mashahidi wake wa kweli kabisa.

Halafu likaja somo chungu tena. Oktoba 2003 Marekani waliruhusu sindano inaitwa Raptiva. Ilikuwa imepimwa kwa maelfu ya watu, ila muda wa kulinganisha na kundi lisilopata dawa ulikuwa wa wiki kama 12. Watu wakaitumia miaka. Mwanzoni mwa 2009 zikathibitishwa kesi tatu za ugonjwa wa ubongo unaosababishwa na virusi ambavyo watu wengi tunavyo mwilini vimelala tu. Kinga ikizimwa sana, vinaamka na kula ubongo. Wote walikuwa wameitumia zaidi ya miaka mitatu. Ndani ya miezi michache dawa ikaondolewa sokoni. Watu watatu, kati ya maelfu. Utafiti wa wiki 12 usingewaona hata ungefanywa na malaika.

Dawa zilizofuata zikaja na madaftari marefu zaidi. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya sindano ya sekukinumabu kwa watu 1,306. Waliopungua kwa asilimia 75 au zaidi ndani ya wiki 12 walikuwa asilimia 77 kwa dozi kubwa. Kwa sindano ya kizazi cha nyuma, etanasepti, walikuwa asilimia 44. Kwa wasio na dawa, asilimia 5 hivi. Tangazo la dawa huwa linaishia kwenye hiyo 77. Ila kuna watu 326 ambao kwa wiki 12 walichomwa sindano tupu. Walikuja kliniki, wakakunja mikono ya shati, wakachomwa, wakarudi nyumbani na mabaka yaleyale, na wengi wao pengine walishaanza kuhisi wamo kundi gani. Bila hao ile 77 haina maana yoyote, ni namba inayoelea tu.

Na sisi huku? Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi, na 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti. Ndani yake kuna takwimu za nchi zilizowahi kufanya hesabu. Norway ipo juu kabisa, asilimia 11.4. Chini kabisa ipo Tanzania, asilimia 0.09. Kabla hujashangilia: namba yetu ilitoka kwenye utafiti wa vijijini wa miaka ya 1990, na mtu mwenye mabaka machache kiwikoni chini ya shati, kijijini, haendi kupima. Huenda kweli tunao wachache kuliko Wanorway. Lakini yeyote aliyekaa kwenye foleni ya kliniki ya ngozi anajua kwamba wapo, na wengine wanagundulika na soriasisi kali kwanza, halafu ndipo inajulikana wana virusi vya UKIMWI.

Moshi, pale KCMC, toka 1992 kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kinachohudumia nchi nyingi za Afrika, na waliosoma pale ndio wanaobeba kliniki za ngozi mikoani. Lakini kabla mgonjwa hajafika kwao, mara nyingi ameshapita duka la vipodozi. Ameshauziwa krimu yenye klobetasoli, ileile inayotumika kujichubua. Hiyo ni steroidi yenye nguvu kubwa. Inasafisha mabaka haraka, anafurahi, anaacha, yanarudi kwa hasira, anapaka zaidi. Kwa wengine inayorudi ni aina ya usaha, ambayo inaweza kumlaza mtu hospitali. Krimu hiyo nayo ilipitia tafiti zake, na ilipimwa itumike wiki chache chini ya uangalizi. Hakuna mtafiti aliyewahi kuandikisha watu wa kujipaka uso na mwili mzima miaka mitano kutoka kontena lisilo na maelezo. Hilo linafanyika bila daftari.

Zile sindano mpya kwa wengi wetu bei zake hazishikiki. Kinachobaki mkononi mwa daktari ni krimu za kiasi, mafuta ya kulainisha, mwanga pale kibanda kilipo, na methotrexate, iliyoanza na wale wa baridi yabisi. Atakupima damu na ini kabla, atakuuliza kuhusu mimba na pombe, na akiandika karatasi mwombe aandike jina la siku yenyewe, mfano Jumatatu, kwa herufi kubwa.